Chama cha Kisumu, SSD za bei rahisi na shea za Sandisk: uchambuzi wa kisa kimoja

Majina nimeyatoa yote, idadi ya shea nimezungusha, na vitu vidogo vidogo nimebadilisha ndo watu wa hiki chama wasijulikane. Bei za soko na mambo ya kampuni zenyewe sijagusa. Swali liko hivi: una shea za kampuni ya kutengeneza vifaa vya kuhifadhi data, alafu unaona kwa macho yako mtu mwingine anauza kitu kama hicho kwa bei ya chini na kostoma wanamkimbilia. Unauza ama unakaa?

Chama na shea zao

Chama kiko Kisumu, watu hawafiki ishirini. Kuna walimu, kuna daktari wa mifugo, kuna mama anafanya biashara ya samaki pale Dunga, kuna mzee alistaafu kazi ya kompyuta za ofisi, na kuna jamaa ana duka la vifaa vya kompyuta sio mbali na Oginga Odinga Street. Walianza na merry-go-round kama kila mtu, wakaenda kwa ploti, alafu mmoja wa walimu akawaambia siku hizi hata shea za Marekani unaweza nunua ukiwa hapa hapa, wakafungua akaunti kwa broka wa Nairobi. Akaunti ni ya kikundi, kuuza chochote kunahitaji sahihi mbili, ya mweka hazina na ya mwenyekiti. Weka hiyo sahihi mbili akilini, itarudi.

Mwisho wa 2023 wakanunua Western Digital, shea 90, kwa karibu dola 45 kila moja, na dola yenyewe wakati huo ilikuwa karibu shilingi 150. Huyo mwalimu ndo aliuza wazo. Hoja yake haikuwa mbaya: kampuni ilikuwa imetoka kwa mwaka mbaya sana, ilipata hasara ya karibu dola bilioni 1.7 kwa mwaka wa hesabu ulioisha katikati ya 2023, na tarehe 30 Oktoba ikatangaza itajigawanya mara mbili. Alisema kampuni kama hii unanunua wakati inalia.

Kujigawanya huko kunahitaji kuelezwa kidogo kwa sababu wengi kwa chama hawakukuelewa, na hapo ndo shida ilianzia. Western Digital ni kampuni ya 1970, kazi yake ya kujulikana ni diski ngumu, zile zenye kitu kinazunguka ndani. Mwaka 2016 ikanunua SanDisk, wale wa memory card na flashi, kwa hivyo ikawa na biashara mbili chini ya jina moja: diski za kuzunguka upande mmoja, na upande wa pili chipu za kuhifadhi data zinazoitwa NAND, zile zinaingia kwa simu, flashi na SSD, yaani diski za kompyuta zisizo na kitu kinazunguka ndani. Hizo biashara mbili hazifanani hata kidogo. Kwa diski za kuzunguka dunia nzima imebaki na watengenezaji watatu tu, Seagate, Western Digital na Toshiba. Kwa NAND kuna Samsung, SK Hynix, Kioxia, Micron, Sandisk, na sasa Mchina anaitwa YMTC, na kila mtu akijenga kiwanda kipya bei inaanguka kwa wote.

Kitu kingine cha kujua kuhusu hiki chama ni kwamba kadhaa wao walikuwa na shea za kampuni moja ya sukari ya huku kwetu magharibi, na wote tunajua hizo kampuni ziliishia wapi. Kwa vichwa vyao stori ya ile kampuni ni fupi: sukari ya nje ilikuja ikiwa rahisi, kampuni ikafa. Madeni, usimamizi na miwa kukosekana hawavitaji sana. Kwa hivyo neno "bei rahisi" likitajwa kwa mkutano wa hawa watu, hewa inabadilika.

Mambo yalivyofuatana

Februari 2025 kampuni ikagawanyika kweli. Kila mwenye shea 3 za Western Digital akapata 1 ya Sandisk, kwa hivyo chama kikaamka kikiwa na shea 30 za Sandisk ambazo hakuna mtu alikuwa ameomba, na bei ya Western Digital yenyewe imeshuka siku hiyo kwa sababu kipande kimetoka. Mweka hazina akatuma picha ya akaunti kwa wasapu akiuliza, "Hawa wametuibia ama wametupa zawadi?" Mwalimu akajibu kwa mesegi ndefu sana. Sidhani wengi waliisoma hadi mwisho. Wengi wakabaki na wazo kwamba Sandisk ni zawadi, na kitu cha zawadi mtu hakilindi sana.

Sandisk ilianza kuuzwa yenyewe pale soko la hisa la Nasdaq mwisho wa Februari ikiwa karibu dola 50.

Wiki hizo hizo jamaa wa duka akaanza kuleta habari. Kwa duka lake SSD za SanDisk na WD zilikuwa zinakaa kwa shelfu, na zile za majina ya Kichina ambayo hata yeye hawezi kuyatamka zinaisha kabla hajaongeza stoki. Mwanafunzi wa Maseno akija na laptopu inakokota, anauliza bei ya SSD ya gigabaiti 512, akisikia tofauti anachukua ile ya chini bila kuuliza swali la pili. Akaenda akasoma, akapata YMTC, kampuni ya Wuhan iliyoanzishwa 2016, akaona watu wanasema chipu zake zimefikia za wakubwa kwa ubora. Hiyo sehemu ni kweli. YMTC ilitoa chipu za tabaka 232 (tabaka zikiwa nyingi, chipu moja inabeba data zaidi) mwaka 2022, wakati mmoja na wakubwa, na Apple ilikuwa imefikiria kuzitumia kwa simu zake kabla siasa hazijaingilia.

Alafu mwezi wa Machi Sandisk ikaandikia wateja wake kwamba kuanzia tarehe 1 Aprili bei zinapanda zaidi ya asilimia 10. Holsela wa Nairobi akapitisha habari kwa jamaa wa duka, naye akaileta kwa chama kama ushahidi wa mwisho: tayari wanashindwa na wa bei rahisi, na bado wanaongeza bei, sasa nani atanunua?

Tarehe 2 Aprili Trump akatangaza ule ushuru wake kwa dunia nzima. Masoko yakaanguka siku mbili tatu mfululizo, kila kitu kikaenda chini, kizuri na kibaya. Sandisk ikateremka hadi karibu dola 30. Western Digital pia ikaenda huko huko thelathini na kitu.

Mkutano wa Aprili

Mkutano uliitwa wa dharura. Nilipewa minutes na nikaongea na watu wanne waliokuwa ndani, kwa hivyo hii ni venye wao wenyewe wanakumbuka.

Jamaa wa duka alitaka kuuza kila kitu, Sandisk na Western Digital, zote. Maneno yake: "Mwalimu, wewe unasoma chati, mimi ndo nauza hivi vitu. Kostoma hanidanganyi."

Mwalimu alikuwa anataka wakae, lakini hoja yake siku hiyo ilikuwa dhaifu, alisema tu soko litarudi, soko huwa linarudi. Watu wenye walichomeka na sukari hiyo sentensi walishaisikia.

Mzee wa kompyuta akatoa stori ya Iomega, nitairudia chini kwa sababu ndo kitu cha maana zaidi kilisemwa mkutano mzima na hakuna mtu alikifuatilia.

Kisha mama wa samaki akauliza swali moja: "Hii kampuni inauzia nani sana, ni sisi wa dukani ama ni wale wakubwa wa klaudi? Kwa sababu mimi samaki ya China ilipoingia iliniharibia soko la kibandani, ya mahoteli haikuguswa." Mweka hazina ameandika hilo swali kwa minutes, na chini yake ameandika "mwalimu atatafuta". Kura ikapigwa kabla mwalimu hajatafuta.

Kura ikagawanyika, wakakubaliana katikati: wauze nusu ya Sandisk, shea 15, Western Digital waiache kwanza. Nilipouliza kwa nini nusu, hakuna aliyenipa sababu ya hesabu. Nusu ilikuwa njia ya kuondoka kwa mkutano bila kukosana.

Na kuna kitu kidogo. Wiki mbili baadaye jamaa wa duka alirudi kwa wasapu akisukuma wauze na zile 15 zingine. Safari hii wengi wakakubali, lakini mwenyekiti alikuwa amesafiri kwenda matanga Siaya na simu yake haikuwa inashika, sahihi ya pili ikakosekana. Aliporudi moto ulikuwa umepoa.

Matokeo

Zile 15 ziliuzwa kwa dola 32 hivi kila moja. Hiyo ni dola 480, na dola ikiwa shilingi 129 wakati huo ni kama shilingi 62,000. Walifurahi kwa muda wa mwezi mmoja hivi.

Mwisho wa Aprili Western Digital ikatangaza inarudisha gawio, senti 10 za dola kwa shea kila robo mwaka, kitu ilikuwa imesimamisha tangu 2020. Kwa shea 90 hiyo ni dola 9, na Marekani ikakata asilimia 30 juu juu kwa sababu Kenya haina mkataba wa kodi na wao, chama kikabaki na dola 6 na senti 30. Haitoshi hata samaki ya watu wanne pale Lwang'ni. Lakini kampuni inayokufa haianzi kugawa pesa, na hiyo ishara ilipita bila mtu kuiongelea.

Alafu ikaanza kupanda. Data senta za AI zilikuwa zinameza kila kitu cha kuhifadhi data, diski za kuzunguka zikawa adimu kiasi kwamba wanunuzi wakubwa wanasubiri miezi, wengine wakaona heri wachukue SSD, chipu zikaanza kukosekana. Septemba Sandisk ikaongeza bei tena zaidi ya asilimia 10 na safari hii hakuna mtu aliuliza nani atanunua. Mwezi huo shea ikapita dola 100. Novemba ikapita 200, na mwisho wa mwezi ikaingizwa kwa S&P 500, ile orodha ya kampuni kubwa za soko la hisa la Marekani. Western Digital nayo Novemba ikapita 150.

Kwa hivyo zile shea 15 walizouza kwa 62,000 zingekuwa zinazidi 387,000. Zile 15 zilizobaki bado wanazo, na 90 za Western Digital pia.

Na jamaa wa duka je? Kufika mwisho wa mwaka zile SSD zake za bei rahisi zilikuwa zimepanda pia. Holsela alimwambia ni chipu, hakuna chipu.

Uchambuzi: duka lilikuwa linaonyesha nini hasa

Nianze na jamaa wa duka kwa sababu ni rahisi sana kumcheka, na hastahili. Alikuwa na habari ambayo mwalimu hakuwa nayo, habari ya mkono wa kwanza, na aliileta mapema. Shida ni kwamba aliona kitu kimoja akasoma kitu kingine.

Kwanza, kilichokuwa kwa shelfu yake. Baada ya haya yote nilimwomba tuangalie baadhi ya zile SSD zake na ile programu ndogo inasoma kitambulisho cha chipu. Zingine zilikuwa za YMTC kweli. Zingine zilikuwa na chipu za Micron, za SK Hynix, na za Kioxia ambayo inashiriki viwanda na Sandisk kule Japani, Yokkaichi na Kitakami. Jina la Kichina kwa kasha halikuambii chipu imetoka wapi. Kampuni nyingi za SSD za bei ya chini hazitengenezi chipu, zinanunua, mara nyingi zile za daraja la pili ambazo wakubwa hawakutaka kuweka kwa bidhaa yao wenyewe, wanaziunga na kidhibiti (ile chipu ya kuongoza SSD) cha bei nafuu, wanaweka stika. Kwa hivyo yule "mshindani" aliyekuwa akimwogopa, nusu ya wakati ni mteja wa wakubwa hao hao. Ndo maana chipu zilipopanda bei na yeye akapanda.

Na sijaongea kuhusu zile flashi za "2TB" za shilingi mia tano zinazotembezwa Kondele na stendi ya basi. Hizo sio ushindani, hizo ni wizi, ndani ni gigabaiti chache na programu imedanganywa iseme terabaiti mbili, ukijaza zaidi inaandika juu ya faili zako za zamani. Jamaa mwenyewe hauzi hizo, lakini kwa mkutano kuna mtu alizitaja kama mfano wa venye bei imeanguka, na hakuna aliyemkatiza.

Pili, pesa inatoka wapi. Swali la mama wa samaki lilikuwa na jibu, na lilikuwa kwa ripoti za kampuni bila kulipia kitu. Kwa Western Digital ya sasa, ile ya diski za kuzunguka, karibu pesa yote inatoka kwa wenye klaudi, zile kampuni kubwa zinazohifadhi data ya watu kwa data senta zao. Duka la Kisumu, duka la Nairobi, duka la popote, ni makombo. Na kwa diski hizo hakuna Mchina wa bei rahisi, ni wale watatu tu, kuingia ni kugumu mno. Kwa hivyo wazo la kuuza Western Digital kwa sababu ya SSD za dukani halikuwa na mguu wa kusimamia hata mmoja, na ilikuwa bahati hawakufanya hivyo.

Kwa Sandisk mambo hayakuwa safi hivyo, na hapa siwaungi mkono wale wanaosema jamaa alikosea kabisa. Sandisk ya mwaka huo sehemu kubwa ya mauzo ilitoka kwa watengenezaji wa laptopu na simu, na sehemu nzuri ilitoka kwa watu wa kawaida wanaonunua kadi na flashi. Data senta ilikuwa bado kipande kidogo. Kwa hivyo duka lina uzito kwa Sandisk. Ungeweza kabisa kukaa Aprili 2025 ukawa na wasiwasi wa haki.

Lakini wasiwasi wa haki ni upi? Sio "kuna mtu anauza rahisi kuliko sisi". Kwa NAND mshindani wa bei rahisi anakuumiza kupitia wingi. Akijaza dunia na chipu, bei ya kila mtu inashuka, hata ya yule hajapoteza mteja mmoja. Na wingi huo haumhitaji Mchina. Ile hasara ya 2022 na 2023 haikuletwa na YMTC, ililetwa na wakubwa wenyewe waliojenga na kutengeneza kama wazimu wakati wa Covid kila mtu akinunua laptopu, alafu watu wakaacha kununua na maghala yakajaa. Micron peke yake ilipoteza dola bilioni 5.83 kwa mwaka wake wa hesabu wa 2023. Samsung, ambayo huwa haipunguzi uzalishaji, Aprili 2023 ikatangaza inapunguza.

Ukiangalia hivyo, swali la chama lilifaa kuwa: je, chipu zinazotengenezwa sa hii ni nyingi kuliko zinazohitajika? Na jibu lilikuwa limelala kwa mesegi ya holsela. Kampuni inayozidiwa na wingi wa chipu haiandikii wateja barua kwamba inaongeza bei asilimia 10, haiwezi, wateja watahama siku hiyo hiyo. Ile barua ya Machi ilikuwa habari njema na ikasomwa kwa mkutano kama hati ya kifo. Hiyo kwangu ndo sehemu inayouma zaidi kwa kisa hiki, manake walikuwa nayo mkononi kabla ya kura.

YMTC nayo ina mguu umefungwa, na hili pia lilikuwa wazi. Oktoba 2022 Marekani ilizuia mashine za kutengeneza NAND za tabaka 128 kwenda juu kupelekwa China, na Desemba mwaka huo ikaiweka YMTC kwa orodha ya kampuni ambazo haziuziwi teknolojia ya Kimarekani bila kibali. Haijafa, imeendelea kutoa chipu nzuri na kutafuta mashine za nyumbani kwao, na mtu anayeshika Sandisk kwa miaka mingi anafaa kuifuatilia kwa makini. Ila kupanuka haraka hadi kufurika dunia nzima kwa mwaka mmoja, hapana.

Stori ya mzee

Sasa Iomega. Mzee alikuwa anafanya kazi na zile Zip disk miaka ya tisini, zile za megabaiti 100 zilizotoka 1995, kama floppy iliyonenepa. Iomega ilikuwa kampuni ya Utah na shea zake mwaka 1996 zilipanda kiwendawazimu. Swali la watu wote wenye shea lilikuwa hili hili la chama: mshindani SyQuest anatoa diski ya megabaiti 135, baadaye akatoa ya gigabaiti moja kwa bei ya kutupa, je atatumaliza?

SyQuest hakummaliza mtu. Aliuza kwa bei ya chini hadi akajimaliza mwenyewe, Novemba 1998 akaomba ulinzi wa kufilisika, na Iomega ikanunua mabaki yake mwaka uliofuata. Wenye shea wangeshangilia, si ndio? Lakini Iomega nayo ilikuwa inaisha. CD za kuandikika zikawa za bei ya njugu, flashi za USB zikafuata, na 2008 kampuni ya EMC ikainunua kwa kiasi kidogo tu cha ile thamani ya zamani. Wote walikuwa wanamwangalia SyQuest na aliyewaua alikuwa kwa biashara nyingine kabisa.

Mzee alisema hivyo kwa mkutano kwa dakika kama tatu, watu wakatikisa kichwa kwa heshima, ajenda ikaendelea. Ukiichukua stori yake uiweke kwa shea za chama, inasema Sandisk usiitazame sana kwa jicho la YMTC, na Western Digital usiitazame kwa jicho la Seagate. Western Digital itazame kwa jicho la bei ya SSD: siku terabaiti moja ya chipu itakaribia bei ya terabaiti moja ya diski ya kuzunguka, hapo ndo pa kuogopa. Kwa sasa pengo bado ni la mara kadhaa. Na kuna utamu fulani wa ajabu hapo, kwamba YMTC akifaulu kufurisha chipu za bei rahisi, atamuumiza Sandisk moja kwa moja na Western Digital polepole, shea mbili za chama kimoja kwa sababu mbili tofauti. Hakuna mtu alilisema hilo.

Mambo mengine ya pembeni

Shilingi. Walinunua dola kwa 150, wakauza kwa 129. Hapo wamepoteza asilimia 14 hata kabla kampuni haijafanya lolote, na kwa mkutano wa Aprili ile hasara yote iliyoonekana kwa shilingi iliwekwa kwa jina la Mchina.

Ushuru wa Trump. Siku zile kila shea ilianguka. Kama sababu ya kuuza ni mshindani, basi bei ya siku ambayo soko zima linaanguka haikuambii kitu kuhusu mshindani. Mwalimu alijua hilo na hakulisema vizuri, alisema "soko litarudi", ambalo ni kama kumwambia mtu mwenye malaria atapona.

Kuuza nusu. Watu kwa chama sasa wanasifu ile nusu kama hekima, ati "tulipima hatari". Hapana. Nusu ilitoka kwa mabishano, na nusu ya pili ilibaki kwa sababu mwenyekiti alikuwa matangani bila netiwaki. Faida ya leo haigeuzi huo kuwa uamuzi mzuri. Ukiondoa ile sharti ya sahihi mbili, wangekuwa hawana hata shea moja ya Sandisk. Kwa hivyo kama kuna kitu cha kusifu ni katiba ya chama, iliyoandikwa miaka mingi kabla kwa sababu ya woga wa kuibiana na wala sio kwa sababu ya soko la hisa.

Walichobadilisha

Sio mengi. Mtu akileta pendekezo la kuuza, lazima alete kwanza karatasi moja inayosema kampuni inalipwa na nani na kwa kiasi gani, kutoka kwa ripoti yao wenyewe. Kazi hiyo wamempa mama wa samaki, amekataa kuwa katibu lakini hiyo ameikubali. Jamaa wa duka anaendelea kuleta bei za holsela kila mwezi, na sasa zinaandikwa kwa kitabu, kwa sababu bei za holsela ndo kitu bora walichonacho kujua kama chipu ni nyingi au ni chache.

Na ajenda ya Desemba ilikuwa kama wauze zile 15 za Sandisk zilizobaki, maanake bei ilikuwa imepanda mara nyingi na viwanda vyote vilikuwa vinazungumzia kuongeza uzalishaji. Mwalimu ndo alitaka wauze. Jamaa wa duka alikuwa mbele ya wale wa kukataa.